Kabla hujanunua prosesa kubwa, nunua hewa kwanza



Leo nawaandikia nikiwa Kihurio, wilaya ya Same, huku tambarare chini ya Milima ya Upare. Anayeijua Kihurio analijua jua lake. Saa nane mchana ukiingia kwenye duka la bati lisilo na dari, wewe mwenyewe unatafuta pa kupepea. Sasa jiulize, kompyuta yako iliyofungiwa ndani ya kasha dogo inatafuta nini?

Maoni yangu ni haya, na nayasema bila kupepesa macho: kwa muuzaji mdogo anayekaa sehemu ya joto na vumbi, kitu cha kwanza kuchagua kwenye kompyuta ndogo ya mezani sio prosesa, sio RAM, na wala sio taa za rangi. Ni njia ya hewa, yaani feni na kipozeo. Pesa ikibaki ndo unaongeza mengine. Najua kuna watu watanibishia. Someni hadi mwisho, kisha mnibishie.

Na kabla sijaendelea: kama kazi yako yote inaisha kwenye simu, baki na simu. Usinunue kompyuta ili uonekane una ofisi. Posti hii ni ya yule ambaye amefika mahali anahariri video za matangazo, anatengeneza orodha ya bei, anaprinti lebo na risiti, na simu imeanza kumshinda. Pia ni ya wenzetu wanaounda kompyuta ndogo na kuziuza mtandaoni. Ninyi nina neno lenu mwishoni.

YALIYONIKUTA

Nauza mchele. Msimu wa mavuno ndo msimu wangu wa kula au kulala njaa. Nilinunua mtandaoni kompyuta ndogo iliyoundwa, imekaa vizuri kwenye picha, kioo mbele, taa tatu zinabadilika rangi, prosesa ya wati 65. Asubuhi na jioni ilikuwa inakimbia kweli. Ikifika mchana inakuwa nzito kama ng'ombe aliyechoka, feni inapiga kelele kama mashine ya kukoboa, halafu pap, inazima.

Siku moja ilizima mara mbili nikiwa naandaa oda za kupakia kwenye basi la asubuhi. Orodha niliyokuwa sijaisevu ikaenda na maji. Wateja watatu walikuwa wanasubiri profoma, mmoja akachoka akanunua kwa mtu mwingine. Sikumlaumu. Mteja haoni joto la Kihurio, anaona umechelewa kujibu.

Fundi wa kwanza akaniambia madabodi imekufa, nitafute nyingine. Nikapiga hesabu, ni karibu faida yangu yote ya mwezi. Nikaomba muda. Fundi wa pili hata bisibisi hakushika kwanza. Alichomoa kile kioo cha mbele, akawasha, akaniambia nirudie kazi ileile. Joto la prosesa lilishuka kwa nyuzi zaidi ya kumi, na mashine haikuzima. Alipofungua ndani tukakuta feni ya nyuma imefungwa kinyume. Ya mbele inaingiza, ya nyuma nayo inaingiza, hakuna inayotoa. Na kipozeo kilikuwa kimejaa unga wa pumba, maana jirani yangu ana mashine ya mpunga.

Madabodi ilikuwa nzima. Nilichokosa ni hewa.

FENI HAITENGENEZI BARIDI

Hapa ndo wengi tunapotea. Feni haitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kulihamisha joto kutoka hapa kwenda pale. Kipozeo, yaani lile bati la shaba au aluminiamu lenye mapezi membamba linalokaa juu ya prosesa, linalinyonya joto na kulitandaza. Feni inapitisha hewa katikati ya yale mapezi, hewa inaondoka na joto. Basi. Hakuna feni wala kipozeo cha kawaida kitakachoifanya prosesa iwe ya baridi kuliko hewa ya chumba chako.

Maana yake ni nini kwetu? Joto la chumba ndo sakafu, la prosesa linajengwa juu yake. Chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo inapanda takriban nyuzi 10 kwa kazi ileile. Wale wanaopima vipozeo kwenye YouTube, wengi wanapimia kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Ukiona anakuambia kipozeo fulani kimeishikilia prosesa kwenye nyuzi 80, na wewe chumba chako ni nyuzi 35, tayari uko kwenye 90 na zaidi. Prosesa nyingi za Intel za mezani zina mpaka wa nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ikishindwa kabisa, mashine inazima.

Kwa hiyo mashine ileile ikipandishwa juu milimani, Mbaga au Mamba, inaweza kukaa mwaka mzima bila shida. Ukiishusha Kihurio, Ndungu au Maore inaanza kuzimia. Muuzaji wa Dar aliyeijaribu kwenye chumba chenye kiyoyozi hakukudanganya. Hakukijua tu chumba chako. Kukijua ni kazi yako wewe.

WATI KWANZA, JINA BAADAYE

Kila wati prosesa inayokula inageuka kuwa joto, na joto hilo lazima litoke nje ya kasha. Kwenye kasha kubwa utani unaruhusiwa. Kwenye kasha dogo hapana.

Mfano wa kweli: Core i5-8500 na Core i5-8500T, zote za mwaka 2018, zote zina viini sita. Ya kwanza ni ya wati 65, kasi ya kuanzia ni gigahezi 3.0. Ile yenye herufi T ni ya wati 35, inaanzia gigahezi 2.1. Kwenye karatasi ya kwanza inashinda. Lakini ifungie ya wati 65 kwenye kasha finyu, saa nane mchana, ndani ya duka la bati. Itajipunguzia kasi yenyewe, itapiga kelele, na umeme wa LUKU utakuwa umeulipia wote. Ile ya T itaenda mwendo wake bila makuu. Kwa kazi zetu za lebo, ankara, picha na video fupi, mimi nachukua T. Kwa upande wa AMD tafuta prosesa zinazoishia na GE, nazo ni za wati 35.

Jua pia kwamba hiyo 35 ni wastani wa kazi ndefu. Kwa muda mfupi prosesa inaweza kula zaidi. Kwa hiyo T haimaanishi uweke kipozeo cha ovyo.

Wanaonunua zile ndogo za mtumba, kama HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny, ulizeni jina kamili la prosesa, hadi herufi ya mwisho. "Ni i5" sio jibu. Na jueni kwamba feni za mashine hizi zina umbo lake. Hazifanani na feni za dukani. Kabla ya kuagiza nyingine, toa ya zamani, piga picha stika yake, namba zote na plagi yake, ndo utafute inayolingana.

KAMA UNAUNDA YA KWAKO

1. Pima kimo kabla ya kulipa. Kila kasha dogo lina kimo cha mwisho cha kipozeo, na kinaandikwa kwa milimita. Noctua NH-L9i kina kimo cha milimita 37. Thermalright AXP90-X47 ni milimita 47. Hizo milimita 10 zinaonekana ndogo, lakini ndo mapezi yenyewe. Kasha likiruhusu kirefu, chukua kirefu. Kifupi ni cha prosesa ya wati chache, usikibebeshe mzigo wa lori.

2. Angalia soketi. Kipozeo kizuri kisichofunga ni pambo. Soketi ya LGA1200 na LGA1700 za Intel hazina nafasi sawa za matundu: moja ni milimita 75, nyingine milimita 78. Milimita tatu tu, na umekula hasara ya kurudisha mzigo kwa basi.

3. Feni kubwa inayozunguka polepole inaishinda ndogo inayolia. Feni ya milimita 120 inahamisha hewa nyingi bila kelele. Ya milimita 40 inabidi ipige mbio kufikia hapo. Kasha lenye nafasi ya 120 au 92, hata kama ni kubwa kidogo mezani, ni bora kuliko dogo kabisa lenye feni za kulia kama mbu. Na ukipata nafasi, chukua feni yenye unene wa milimita 25. Ile nyembamba ya 15 ni ya pale isipowezekana vinginevyo.

4. Angalia itasukuma wapi. Feni ya kupeleka hewa mahali pa wazi ni tofauti na ya kusukuma hewa kupita kwenye chujio au mapezi yaliyobanana. Ya kazi ngumu inahitaji msukumo. Kwenye karatasi ya feni tafuta kipimo cha presha, usiangalie wingi wa hewa peke yake.

5. Chukua ya pini nne. Ya pini tatu inaendeshwa kwa kupandisha na kushusha volti. Ya pini nne, ile inayoandikwa PWM, madabodi inaiongoza vizuri zaidi: asubuhi inatambaa, mchana inakimbia. Masikio yako yatashukuru, hasa ukirekodi sauti ya matangazo hapohapo.

6. Uliza inazungukia nini. Feni za bei ya chini kabisa mara nyingi zinazungukia bushi ya kawaida yenye mafuta kidogo. Joto linayakausha, na zikilazwa kifudifudi zinachakaa haraka. Kwenye kasha dogo feni nyingi hulazwa. Hapo tafuta ya beringi za gololi, au ile ya kuelea kwenye mafuta ambayo makampuni huiandika FDB. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

7. Maji hapana. Najua yanapendeza kwenye picha. Lakini kipozeo cha maji kina pampu, na maji yake hupungua taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Pampu ikifa Kihurio, nani ataitengeneza? Feni ikifa unaisikia, unaiona, na nyingine inakuja na basi kesho. Kifaa cha kazi kiwe kile ambacho fundi wa karibu anaweza kukigusa.

VUMBI NI ADUI WA PILI

Barabara ikikauka vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Ongeza unga wa pumba kwa walio karibu na mashine za mpunga. Vumbi likikaa kwenye mapezi linakuwa blanketi, hata feni iwe ya bei gani.

Hapa mimi napanga hivi: feni zinazoingiza ziwe na nguvu kidogo kuliko zinazotoa, na kila mlango wa kuingizia uwe na chujio. Kwa namna hiyo hewa ya ndani inajaa na kusukumia nje kupitia nyufa, vumbi halipati pa kunyonywa. Ukifanya kinyume, kila kitundu kinakuwa mdomo. Ila kumbuka kisa changu, lazima kuwe na pa kutokea. Kuingiza tu bila kutoa ni kujaza gunia lililoshonwa.

Utajuaje feni inaelekea wapi? Kwa feni za kawaida za kasha, hewa hutokea upande ule wenye mikono ya fremu inayoshika mota. Huamini? Kata kipande cha tishu, kisogeze. Kikivutwa, hapo inaingiza. Kikipepea kwenda mbali, hapo inatoa. Kipimo cha bure kabisa, na kingeniokoa mimi.

Chujio lisafishwe kila wiki wakati wa kiangazi. Ndani ya kasha, kila mwezi au miwili: zima, chomoa umeme, tumia brashi laini na upepo. Ukipuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Feni ikizungushwa kwa nguvu na upepo inaweza kuharibu beringi zake, na pia inageuka kuwa jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye madabodi. Upepo wa kompresa ya gereji uuepuke, mara nyingi unatoka na unyevu.

Ukitoa kipozeo, lazima ufute pesti ya zamani na kuweka mpya. Kiasi cha punje ya njegere katikati kinatosha. Usipake kama siagi kwenye mkate.

Halafu mahali pa kuiweka. Isikae sakafuni. Isiwe ndani ya droo. Iachie nafasi ya kiganja kizima kutoka ukutani. Na jamani, kile kitambaa cha kufuma tunachofunikia redio na televisheni, tafadhali, juu ya kompyuta inayofanya kazi hapana. Ukifunga duka, funika. Ukifungua, funua.

USIPIME DAKIKA TANO

Wazee wetu wa Upare walichimba ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji usiku ili mchana yafunguliwe kwenda mashambani kwa mifereji. Kipozeo nacho ni ndiva ya joto. Mwanzoni kinapokea tu, kina nafasi, kila kitu kinaonekana shwari. Kikijaa, ndo utajua kama mfereji wa kutolea unatosha au la.

Kwa hiyo jaribio la dakika tano halikuambii kitu. Weka programu ya bure ya kuonyesha joto, kama Core Temp au HWMonitor. Subiri mchana, funga kasha kama linavyokaa siku zote, sevu video ndefu kwa nusu saa. Ikitulia chini ya nyuzi 80, lala usingizi. Ikiwa kati ya 80 na 90, angalia vumbi na njia ya hewa. Ikipita 90 na inapanda, usiendelee kuitumia hivyo msimu mzima. Prosesa inaweza kujilinda, lakini kapasita za kwenye madabodi na pawa saplai zinaishi ndani ya joto hilohilo. Kanuni ya makadirio wanayotumia watu wa elektroniki ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hukata maisha ya kapasita kwa nusu. Ndo maana mashine ya miaka sita inakufa miaka mitatu, halafu tunasema vitu vya siku hizi ni feki.

WANAONIBISHIA

Kuna atakayesema, "Prosesa kubwa nanunua mara moja, feni nitabadilisha baadaye." Kwenye kasha kubwa nakubali. Kwenye dogo, kipozeo hakibadilishwi kirahisi, kwa sababu kasha lenyewe ndo limeshaamua kimo. Ukikosea mwanzo, baadaye unanunua kasha, kipozeo na feni kwa pamoja.

Mwingine atasema, "Mbona mimi naacha ubavu wazi na inaenda?" Inaenda, kweli. Na pumba inaenda ndani, na mijusi, na siku mtoto akimwaga chai nayo itaenda. Ubavu wazi ni kipimo cha fundi, sio maisha ya mashine.

NENO KWENU MNAOUZA KOMPYUTA

Ndugu zangu, mnatuuzia taa. Picha kumi za tangazo, tisa ni za rangi. Andikeni haya manne: jina kamili la prosesa na wati zake, jina la kipozeo, idadi na ukubwa wa feni, na video ya nusu saa ya kazi ikionyesha joto, kasha likiwa limefungwa. Taja na chumba kilikuwa nyuzi ngapi. Kisha muulize mteja swali moja tu: "Unakaa wapi?" Akisema Kihurio, au sehemu nyingine yoyote ya joto namna hii, mshauri apunguze wati aongeze hewa, hata kama faida yako itapungua kidogo.

Maana mashine ikizimia huku, mteja hatasema feni ilifungwa kinyume. Atasema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Atasema kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili, na wewe hutakuwepo kujitetea.

Mimi ile mashine yangu bado ninayo. Feni ya nyuma nimeigeuza, kioo nimekitoa nikaweka wavu na chujio, prosesa nimeipunguzia wati kwenye mipangilio ya madabodi. Taa nimezichomoa zote. Haipendezi tena kwenye picha. Lakini msimu uliopita saa nane mchana ilikuwa inaprinti lebo, na basi la asubuhi liliondoka na mzigo wangu wote.

Hifadhi posti hii kabla hujatuma pesa ya kompyuta. Na wewe huko uliko, mchana mashine yako inafika nyuzi ngapi? Pima leo, utuambie kwenye komenti.